Mapafu Safi, Tumbo Tupu

Fagiapafu ilikuwa kazini. Ndani ya kinyago alichovaa mtoto Mkunde ulipita ukungu mwembamba uliobeba maelfu ya vijiroboti visivyoonekana kwa macho. Vilishuka mapafuni, vikalainisha makohozi mazito na kuua bakteria. Zamani watoto wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza makohozi mapafuni, walipigwapigwa mgongo kila siku ili wakohoe. Sasa, katika Tanga hii mpya, mtoto alikaa tu kitini akapumua.

"Safi kabisa!" Daktari Semvua alisema kwa fahari. "Maambukizi yamekwisha."

Nakijwa, mama wa mtoto, hakufurahi. Mwanawe alikuwa amebaki mifupa.

"Daktari, mtoto anazidi kukonda."

"Lakini mapafu yanafanya kazi vizuri, mama."

Mapafu, mapafu! Kana kwamba mtoto ni mapafu matupu. Ugonjwa huo huziba kongosho pia, mafuta ya chakula yakapita tumboni bila kusagwa, na kule kuhangaika kupumua kunakula nguvu. Hata akimeza vidonge vya kusaga chakula, Mkunde alihitaji kula karibu mara mbili ya wenzake. Lakini jijini chakula kiligawiwa na Mgawashibe, mashine iliyompimia kila raia kwa umri wake. Ilimwongezea mtoto alipoambukizwa tu. Mapafu yakitakata, nyongeza ilifutwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyeiunda mashine ile alikuwa ameshiba sana.

Nyumbani walikula kwenye sinia moja, kama watu. Nakijwa alimsogezea binti yake Mkunde minofu ya samaki, kama yeye alivyosogezewa na mama yake. Kumbe sinia lenyewe lilipima kila tonge. Mgawashibe ikaamua kwamba mtoto huyu ni mlafi, ikampunguzia wali wa nazi.

"Ni nani aliyegeuza sinia kuwa mizani?" Nakijwa alimfokea daktari. "Mwandikie nyongeza ya kudumu!"

"Mfumo haukubali, mama. Nyongeza ni ya mgonjwa, na huyu amepona."

"Amepona nini? Ugonjwa huu amezaliwa nao!"

Mkunde alivua kinyago taratibu.

"Mama, wiki ijayo tusije. Acha kifua kichafuke, nipate kula."

Nakijwa alikichukua kinyago, akakiweka mikononi mwa daktari.

"Mjibu," alisema. "Mjibu mtoto."