Kipande cha Babu Laurenti

Anold alikuwa akinywa chai kwa muhogo, nyumbani kwake Makorora, binti yake Queen alipoingia mbio na kopo lenye kutu.

"Baba, nimepata! Mwalimu ametaka tupeleke kesho kitu cha zamani cha ukoo."

Akatoa kadi iliyofifia. Juu palikuwa na jina na namba. Chini palikuwa na vyumba vidogo thelathini vilivyochorwa kwa mistari, kila kimoja na alama. Anold akausahau muhogo wake.

"Lete hapa. Hiyo haiendi popote."

Mkewe Praxeda akashangaa. Anold akamvuta kando, akamnong'oneza siri aliyoachiwa na marehemu baba yake: babu Laurenti alikuwa mfungwa. Namba ile ni ya jela. Shule ikijua, Queen ataitwa kitukuu cha mwizi. Anold akaitazama kadi, akalitazama jiko la mkaa.

Praxeda hakungoja. Aliichukua kadi mkononi mwa mumewe, akavuka ua hadi kwa jirani yao, Bi Shamsiya, mwalimu mstaafu wa historia. Anold na Queen wakamfuata.

"Shikamoo, Bi Shamsiya."

"Marahaba, wanangu. Kuna nini?"

Praxeda akampa kadi, akamweleza habari ya babu wa Anold na jela. Bi Shamsiya akavaa miwani, akasoma. Kisha akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

"Jela gani, Anold? Hiki ni kipande, kadi ya kazi ya shamba la mkonge. Babu yako alikuwa manamba, kibarua aliyeletwa kutoka mbali. Akimaliza kazi ya siku, anatiwa alama. Zikitimia thelathini, ndipo analipwa."

"Sasa kilichomtoa kwao Kasulu ni nini?" Anold akauliza.

"Kodi, mwanangu. Viwanda vya Ulaya vilitaka nyuzi za kamba kwa bei ya chini. Wajerumani wakaja, wakatwaa ardhi, wakapanda mkonge. Lakini nani aache shamba lake akachomwe miiba? Basi wakaweka kodi, na ilipwe kwa fedha. Waingereza wakapokea utawala, mambo yakawa yaleyale. Fedha ilikuwa huku kwetu, kwenye mashamba ya mkonge, wanaume wakaja. Hata reli ilijengwa ili mazao yafike bandarini."

"Na shamba la kwao?" Queen akauliza.

"Liliachiwa wanawake. Chakula kikapungua. Na wanaume wengi hawakurudi tena."

Anold akaichukua kadi. Miaka yote hii amemwonea haya mtu asiye na kosa! Asiyejua maana haambiwi maana. Yeye ameambiwa, amejua. Akazihesabu alama kwa kidole. Hakuna chumba kilichokuwa kitupu.

"Alizimaliza zote," akasema, na machozi yakamtoka.

Kesho yake alivaa shati la kanisani, akaenda shuleni pamoja na bintiye. Queen akasimama mbele ya darasa, akaeleza yote aliyofundishwa. Mwalimu akauliza nani mwingine ana babu aliyekata mkonge. Mikono kumi na saba ikanyooka.

Queen akakiinua kipande, akaanza kusoma namba.

"Anza na jina, mwanangu," Anold akasema kutoka mlangoni.

Queen akalisoma jina la Laurenti, na darasa zima likasikia.