Chupa ya Pili

Dakika nne tu, na kidonda cha mgonjwa kikajifunga chenyewe mbele ya madaktari waliojaa ukumbini, bila sindano wala uzi. Dakta Nakijwa Mbwambo, mvumbuzi wa dawa ile aliyoiita Mvuto, alitabasamu akieleza. Watu hudhani aktini na miosini ni protini za misuli peke yake. Sivyo. Hata seli ya ngozi inazo: aktini ni kamba, miosini ndiyo mvutaji, na dawa huziamuru zivute mpaka kingo za kidonda zikutane.

"Na zikishakutana?" aliulizwa.

"Kesho yake unapaka chupa ya pili, Kituo, ili ziache."

Makofi hayajaisha, mama yake akapiga simu kutoka Same. Siku nne nyuma alikuwa amejikata kiganja akimenya ndizi, na Nakijwa alimtumia chupa zote mbili.

"Mwanangu, vidole vinajikunja. Havikunjuki."

"Mama, chupa ya pili uliipaka?"

"Ya nini tena? Kidonda kilishapona. Nimeitunza. Akiba haiozi."

Nakijwa akatoka ukumbini mbio. Wenzake walitaka dawa zote mbili zitiwe katika chupa moja, ya pili ijiamshe yenyewe kesho yake. Yeye akakataa, maana kazi ingechelewa mwaka mzima. Watu watasoma maelekezo, alisema. Alisema hivyo yeye, aliyelelewa katika nyumba yenye kabati la dawa zisizomalizwa!

Garianga, teksi ya kuruka, lilimfikisha Same kwa nusu saa. Mama alikuwa jikoni, mkono wa kushoto umefumbana, kucha zimezama kiganjani, ngozi imekazwa hadi kwenye kifundo cha mkono. Nyuma yake akatokea Namkunda, binti wa Nakijwa wa miaka mitatu aliyekuwa akilelewa na bibi yake, akichechemea.

"Mama, goti linanibana."

"Alianguka jana," bibi alisema taratibu. "Mvuto ilikuwa imebaki kidogo..."

Nakijwa alifungua kabati la dawa. Kituo ilikuwamo, ya kumtosha mtu mmoja. Maabara ilibakiwa na ya yule mgonjwa wa ukumbini tu; nyingine huchukua wiki nzima kuoteshwa, na hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye wiki moja ingefanya nini. Aliogopa hata kugeuka.

"Mpake mtoto," mama alisema.

"Mama..."

"Nimesema mpake mtoto, Nakijwa."

Alilipaka goti lile lote, akilia. Kisha akaushika mkono wa mama yake, akajaribu kukunjua kidole kimoja. Chini ya ngozi alizihisi kamba zile bado zinavuta.