Nati Yenye Mstari Mweupe

Kila akitoka shule, Kidosho alivua sare, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguuni mara tatu, akaingia gereji. Mama yake alikuwa fundi wa pikipiki, na gereji ile ilikuwa na sheria moja isiyochezewa: ukishakaza nati ya gurudumu mpaka mwisho, ipige mstari wa rangi nyeupe. Nati yenye mstari haikaguliwi tena na mtu mwingine.

Siku hiyo aliingia uso umemvimba kwa hasira. Asubuhi, mwendesha pikipiki mmoja aliyeitwa Radi kwa kelele za bomba la moshi la pikipiki yake alisimama kwenye geti la shule, akamnyooshea Kidosho kidole, akapaza sauti, "Jamani, msimkaribie huyu, ananuka oili chafu!" Wanafunzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Kutwa nzima walimwita Oili Chafu huku wameziba pua.

Na sasa ni pikipiki ya nani iliyokuwa ikimsubiri? Ya Radi! Ililetwa kukazwa mnyororo.

"Leo utanitambua," Kidosho akanong'ona.

Aliuvuta mnyororo vizuri, lakini ile nati kubwa ya gurudumu la nyuma, ambayo hulegezwa kwanza ili mnyororo uvutike, akairudisha kwa vidole tu, bila kuikaza kwa spana. Kisha akachukua brashi, akaipiga mstari ulionyooka kuliko yote aliyowahi kupiga. Kichwani alishaona kila kitu: gurudumu linakwenda upande, mnyororo unachomoka mbele ya shule, Radi anasukuma pikipiki juani, na wote wanamzomea yeye. Roho yake ikaburudika.

Radi akaja kuichukua, amemshika mkono binti yake wa miaka minne.

"Nani kaitengeneza? Oili Chafu?" akauliza, akicheka.

Mama hakucheka. "Mwanangu ana jina, na kazi yake naijua." Akainama, akautazama ule mstari. "Tayari. Nenda."

"Una hakika, fundi?"

"Ukiona mstari huo, ni mimi nimekuahidi."

Maneno hayo yalimchoma Kidosho. Lakini lile jina lilikuwa bado linamlia masikioni. Aende! Hata akianguka, shauri yake!

Radi akamnyanyua mtoto, akamkalisha mbele yake juu ya tangi. Vidole vidogo vikashika usukani.

"Baba, twende mbio!"

Radi akapiga kiki. Injini ikanguruma. Kidosho akaruka mbele ya gurudumu, mikono ameitanua.

"Usiende! Nati haijakazwa! Nimefanya makusudi!"

Radi akazima injini. Mama akapiga goti, akaizungusha nati kwa vidole viwili. Ikafunguka kama kifuniko cha chupa. Radi akamkumbatia mwanawe.

"Ungetuua!"

"Na wewe uliniaibisha mbele ya shule nzima!" Kidosho akalia kwa hasira.

Mama akamgeukia Radi. "Ni kweli?"

Radi akatazama chini. "Nilitaka kuchekesha tu, fundi."

"Basi kesho asubuhi utasimama pale pale, umwombe radhi kwa sauti ile ile. Na wewe, mwanangu, shika spana."

Kidosho akakaza huku machozi yanadondoka juu ya chuma. Mama akaufuta ule mstari wa uongo kwa kitambaa chenye petroli, akaikagua nati yeye mwenyewe, akapiga mstari mpya.

Radi alipoondoka, taratibu safari hii, Mama akamkalisha binti yake juu ya tairi kuukuu.

"Mwezi mzima hutashika brashi," alisema. "Hasira yako ilikuwa ya haki. Ungeniambia, tungemfuata pamoja mpaka akome. Lakini nati iliyolegea haijui nani alikukosea, inamwangusha yeyote aliyepanda. Mtu akikudhulumu, mkabili kwa mdomo wako. Kazi ya mikono yako ifanye kwa uaminifu, hata kwa mtu usiyempenda."