Amplifaya ya Rael Haizimwi

— Rael, nani amekuwa hapa?

Mayen alikuwa hata hajaketi. Begi la safari lilikuwa bado begani, na kiganja chake kilikuwa juu ya amplifaya ya spika za muziki. Ilikuwa ya moto kama birika la chai.

— Nani tena? Niko peke yangu tangu nitoke shule.

— Hii kitu ina joto. Imewaka siku mzima.

— Labda nimesahau kuizima.

— Wiki iliyopita pia ulisahau.

Rael akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza ambayo alikuwa ameshaifuta.

Mayen alikuwa fundi wa redio katika kambi ya Kakuma. Amplifaya ile aliiunda kwa mikono yake, akamletea mchumba wake, mwalimu wa chekechea hapa Kanamkemer, mjini Lodwar. Alimpa sharti moja tu: ukimaliza kusikiliza, zima, maana joto la Turkana peke yake linatosha kuiua. Na sasa kila akija anaikuta inawaka. Nani alikuwa akisikilizishwa muziki?

Mchungaji Madut alikuwa ameshatangaza ndoa yao kanisani Jumapili mbili. Ilibaki moja.

Aliporudi Kakuma, alipiga simu jioni. Ikapokelewa kabla hajasikia mlio hata mmoja.

— Haloo, mpenzi!

— Simu haijalia. Ulikuwa unaongea na nani?

— Na nani, Mayen? Nilikuwa karibu nayo.

— Mchana nimepiga mara saba.

— Nilikuwa shule.

— Shule hushiki. Nyumbani unashika kabla haijalia. Simu gani hiyo, Rael?

Rael akaanza kumsimulia habari za kwaya.

Ijumaa ikaingia meseji ya Shiko, jirani wa Rael:

"Shemeji, taa nyekundu ya redio yenu inawaka dirishani tangu juzi, hata bibi harusi akiwa shule. Muziki sisikii. Mimi sisemi kitu, nauliza tu: nani anabaki ndani?"

Mayen akapiga magoti katikati ya redio mbovu za wateja.

— Bwana, kama ninadanganywa, nionyeshe kabla ya Jumapili.

Jumamosi akapanda gari la kwanza. Uamuzi alikuwa nao tayari: akimkuta mwanamume, anakwenda moja kwa moja kwa Mchungaji kufuta tangazo. Alifika Kanamkemer bila kumwambia mtu, akasimama nje ya dirisha la Rael, akapiga simu ili asikie ni sauti ya nani itakayoguna humo ndani.

Spika zikakoroma: trr-trr-trr, trr-trr.

Simu haikulia. Nyuma ya nyumba beseni likapinduka, na Rael akaingia mbio, povu la sabuni hadi kwenye viwiko.

— Asante Yesu, sijachelewa! Haloo, Mayen wangu?

Sauti ile aliisikia mara mbili, sikioni na dirishani.

Mayen akaegemea ukuta. Mkoromo ule aliujua kuliko mtu yeyote Kakuma. Kila wiki wateja walimletea amplifaya wakilalamika kwamba zinakoroma, naye akawajibu, "Weka simu mbali. Simu ikitaka kuingia, spika inajua kwanza."

Akaingia bila kubisha. Rael akapiga ukelele.

— Mayen! Umetoka wapi?

— Lete simu.

Akaigeuza mkononi. Ilikuwa ile ambayo mama yake, Anyieth, alimtumia mkwe wake kutoka Juba kama baraka ya uchumba.

— Hailii?

— Iliangukia kwenye maji nikifua shati lako la kwaya. Kuongea inaongea, lakini kulia, hapana. Ningemwambia nini mama? Kwamba baraka yake nimeifua na omo?

— Ndiyo maana unaacha amplifaya ikiwaka, simu ikiwa kando yake?

— Siku moja niliizima nikasahau kuiwasha. Ukapiga usiku kucha. Tangu siku hiyo sijagusa swichi.

— Na mimi nilikuwa nakuja kufuta tangazo, akasema Mayen, akitazama chini. Nisamehe.

— Wewe, fundi mzima! Rael akamrushia povu, machozi yakimtoka. — Sasa niizime?

— Ukiizima nitakupataje? Iache. Ikiungua, nitaunda ingine.

Kesho yake kanisani, Rael aliketi na kwaya karibu na spika. Mchungaji Madut akasoma majina yao mara ya tatu.

— Aliye na kizuizi, aseme sasa.

Mayen alimtazama Shiko. Shiko akatazama viatu vyake.

Trr-trr-trr, trr-trr!

Watu wakageuka. Mayen alikuwa wa kwanza kucheka. Rael akatoa simu kwenye mkoba, akasoma kioo, akasimama.

— Mchungaji, si kizuizi. Ni mama mkwe, kutoka Juba.

— Basi pokea, binti. Mwambie kanisa imekubali.

Rael akaiweka sikioni.

— Mama, simu yako niliiangusha kwenye maji, nisamehe. Lakini tumekusikia, hata kabla hujaongea.