Kahawa Haimsubiri Levi

Walikutana soko la Tala, siku Levi alipokanyaga ndizi za mama mmoja kwa raba zake nyeupe. Kavindu, leso ya manjano kiunoni, alicheka hadi akatokwa machozi, na kabla kicheko hakijaisha alikuwa ameombwa namba ya simu.

Leo alisimama kando ya tangi la kahawa kiwandani alikosimamia uoshaji, simu sikioni, kicheko kimemkauka.

"Levi, uko wapi?"

"Mrembo wangu, ndio tunatoka Syokimau. Wageni wangu, hawa watalii, walitaka chai kwanza. Usifungue maji, nimewaahidi wataona kahawa ikioshwa."

"Iko tayari. Ikikaa itanuka."

"Nisubiri kidogo tu, kama unanipenda."

Alizamisha mkono tangini, akasugua punje viganjani. Ute ulikuwa umeachia. Zilikwaruza kama changarawe, tayari kuoshwa. Hiyo ilikuwa kahawa ya kijiji kizima. Babu yake alikatazwa na mzungu kupanda mkahawa. Uhuru ulipokuja, serikali yake mwenyewe ikamkataza kuung'oa, hata ulipomlaza njaa. Siku zote aliyeamua ni mwenye gari. Na mwenye gari wa leo ndiye huyu anayempenda.

"Kavindu mwanangu," mzee Mbithi aliuliza, gunia tupu begani, "tunangoja nini?"

Aibu ilimchoma. Akafungua maji.

Levi alipofika na wageni wake wenye kofia pana, mfereji wa kuoshea ulikuwa mtupu na kahawa imetandazwa mezani juani.

"Umeniaibisha, Kavi! Unanilipiza nini?"

"Nikulipize? Wewe ulitaka picha. Wakulima hawa wanataka karo ya watoto. Ingeharibika, ungerudi zako Syokimau, mimi nibaki kutazamana nao."

"Hukuniambia ingeharibika!"

"Nilikuambia itanuka. Wewe ukasikia mapenzi tu."

Wageni walitazama viatu vyao. Kavindu akageukia meza, akijua gari litawashwa sasa hivi.

Halikuwashwa. Levi alikunja mikono ya shati, akasimama upande wa pili wa meza, akaanza kuchambua punje zilizovunjika. "Njooni," aliwaita wageni, "kazi yenyewe ni hii."

Yeye na Kavindu walichambua hadi vidole vyao vikagusana.

"Nikileta mbuzi wa ntheo, wale wa posa, mama yako atakubali nikuoe?"

"Wanaletwa na nani? Na wewe mchelewaji?"

"Kavi, tafadhali."

Alimrushia punje mbovu kifuani.

"Leta. Lakini ukichelewa, Levi, nitafungua maji."