Vichwa Vikubwa vya Mzee Kikoti

Ungo haukuwa na uso wala mikono, lakini mji mzima wa Iringa uliuogopa kama mkwe. Ulikuwa akili-unde iliyolinda lango la kamusi elezo ya mtandaoni. Ukiandika habari za mtu, Ungo unapepeta: maneno ya wageni wasio na chao kwake ni punje, sifa za ndugu ni pumba. Aliyepita, kuta-semi zinazojibu maswali barabarani, shuleni na hospitalini zilimjua. Aliyekataliwa, ukuta ulisema "Simfahamu," hata akiwa amesimama mbele yake.

Bi Semeni, mhariri wa kujitolea, alishakataliwa na Ungo mara nyingi hadi akaacha kununa. Siku hiyo alimpokea mgeni, Tulizo Kikoti, binti wa mchoraji wa mabango ya vinyozi. Baba yake alikuwa amelazwa, mapafu yameliwa na rangi, na kila asubuhi aliuuliza ukuta wa wodi: "Kikoti ni nani?"

"Simfahamu."

"Nataka ukuta umjibu kabla hajaondoka, Bi Semeni," Tulizo alisema.

Semeni alisoma rasimu yake. "'Mchoraji bora kuliko wote duniani.' Mwanangu, hii ni kamusi au hotuba ya harusi? Nani kasema?"

"Mimi."

"Pumba. Na huyu aliyelia alipoona bango?"

"Shangazi."

"Pumba yenye machozi. Toa."

Wakatoa, wakatoa. Vinyozi waliomsifu walikuwa wateja wake, pumba. Mabango yenyewe yalichanjwa kuni tangu roboti-kinyozi zilipoingia mjini zikaanza kuonyesha mitindo hewani. Mwishowe Semeni akafukua, katika magazeti ya zamani, makala ndefu za mhakiki Edmundi Sanga, aliyezunguka mji mzima akiyatazama mabango hayo.

"Mgeni kabisa! Hata chai hawajawahi kunywa pamoja!" Semeni akapiga kigelegele.

Tulizo alisoma, akanyong'onyea. "Lakini anamponda baba."

"Ungo hauna habari na hilo. Kwake kejeli ya mgeni ina uzito kuliko pendo la mama. Bandika, mzee alisikie jina lake."

Ungo ukapepeta. Ukapitisha.

Asubuhi walisimama kando ya kitanda. Mzee Kikoti akauliza swali lake, na safari hii ukuta ukajibu kwa sauti tamu:

"Kikoti ni mchoraji wa mabango ya vinyozi. Kwa mujibu wa mhakiki Edmundi Sanga, vichwa anavyochora ni vikubwa kuliko mabega, macho hayalingani, na masikio hajui kabisa kuyachora."

Tulizo akaubandika ukuta kiganja, kama anayeziba mdomo wa mtu. "Bi Semeni, futa!"

"Sina uwezo, mwanangu. Wewe damu yake, mimi nimekushika mkono. Ungo unatuona sote pumba."

Mzee akaugeukia ukuta. "Kichwa lazima kiwe kikubwa," akasema. "Mtu analipia nywele, halipii mabega." Kisha, "Huyo Sanga yu hai?"

"Alishafariki, mzee," Semeni akajibu.

"Naye yumo humo kwenye kamusi?"

"Hayumo."

Mzee akafumba macho. "Masikini. Miaka yote ile, ni yeye tu aliyesimama akatazama bila kutaka kunyolewa. Mwandikieni."

Hata wauguzi walipokuwa wakimfunika mzee shuka hadi usoni, Semeni alikuwa bado anatafuta mgeni mmoja, yeyote yule, aliyewahi kusema neno juu ya Sanga.