Wanja wa Bibi Itto

Kila asubuhi, baada ya chai na mkate wa moto, Bibi Itto alimpakata mjukuu wake Bassou na kumpaka wanja. Aliusaga mwenyewe, kutoka kwenye mawe meusi yang'aayo ya machimbo ya zamani, nje ya mji wa Midelt. Ule wa dukani hakuuamini hata kidogo. Alitaka macho ya mtoto yapate nguvu na husuda ipite mbali, maana alimpenda mno.

Lakini Bassou alikuwa hakui. Alikaribia miaka miwili na bado alitembea kwa kushika ukuta. Tumbo lilimsokota, chakula alikisukuma. Mama yake, Touda, akampeleka zahanati. Damu ilipopimwa, ikakutwa na madini ya risasi, ile metali nzito inayodumaza watoto. Imetoka wapi? Hakuna aliyejua.

Ndipo akaja jirani yao Hadda, mhudumu wa afya, na kifaa mfano wa kikaushio cha nywele. Akapima rangi ya mlango, vyungu na bomba la maji. Vyote salama. Kisha akaomba kichupa cha wanja.

Bibi Itto akakifumbata. "Hicho kidude chako kinajua nini?"

Hadda hakukasirika. Akamweleza kuwa kifaa hutoa miale ya eksirei, ambayo jicho haliioni. Miale ikigonga kitu, kila metali iliyomo hurudisha miale ya aina yake peke yake. Kifaa huisoma inayorudi, kikaitambua metali bila kukata wala kuyeyusha chochote. Ila hakielekezwi kwa mtu.

Bibi akavua bangili yake ya harusi. "Haya, hii ni nini?"

"Fedha, bibi. Lakini imechanganywa na shaba, tena si haba."

Bibi akairudisha bangili mkononi. Sonara alishamnong'oneza jambo hilo zamani, naye hakumwambia mtu, asije akamwaibisha marehemu mumewe. Pole pole akakisogeza kichupa mbele.

"Karibu wote ni risasi," Hadda akasema kwa upole alipokwisha kuupima. "Mtoto hufikicha macho, kisha hutia vidole mdomoni. Ndivyo inavyomwingia."

"Kwa hiyo ni mimi," akasema Bibi Itto. "Ni mkono wangu huu." Machozi yakamtoka.

Touda akaushika mkono ule, akaubusu, kisha akamweka Bassou mapajani mwa bibi yake. "Mkono huu ndio uliomlea, mama. Tunaacha wanja. Wewe hatukuachi."

Hadda akauchukua wanja ukatupwe mahali salama. Nyumba ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji, vumbi lisiruke. Bassou akanawishwa mikono kabla ya kula, akapewa dengu na maziwa, akarudishwa zahanati kupimwa. Risasi haitoki mwilini kwa siku moja, lakini kila kipimo kilishuka.

Matufaha yalipoiva, mtaa wa pili alizaliwa mtoto. Bibi Itto akaenda kupongeza, akawakuta wanawake wameandaa wanja. Akawasimulia yaliyomfika, bila kujificha. Mmoja akaguna: mtoto atakaaje macho matupu, na watu wana husuda?

Bibi akaonyesha uani, ambako Bassou alikuwa akifukuza kuku wa wenyewe.

"Yule hana wanja tangu majira ya baridi," akasema. "Nendeni mkamkamate, kama mtaweza. Mimi amenishinda."